Mbio za Mississippi hazikuwa sako kwa bako

Picha za kale za Currier & Ives, wachapishaji wa New York, zinaonyesha meli za mvuke Robert E. Lee na Natchez zikifukuzana ubavu kwa ubavu kwenye mto Mississippi, Marekani, mwaka 1870. Wengi huamini ndivyo ilivyokuwa. Sivyo. Robert E. Lee, iliyopunguziwa mizigo makusudi, iliondoka New Orleans Juni 30 na kufika St. Louis Julai 4, baada ya siku 3, saa 18 na dakika 14. Natchez ilichelewa kwa zaidi ya saa 6, maana ilibeba abiria na mizigo kama kawaida, kisha ukungu ukaisimamisha.

Tena hizo si picha za rangi ya mafuta: zilichorwa juu ya jiwe la chokaa, kisha zikachapwa kwenye karatasi. Mchapishaji aliuza msisimko, na meli moja peke yake mtoni haisisimui mnunuzi.