Mbegu inakula nini kabla haijatoka ardhini?

Mvua za Novemba zikikaribia huku Mbeya swali ni lilelile, bwana shamba nipe mbolea ya kufanya mahindi yaote haraka. Haipo. Kuota hakutaki mbolea jamani, mbegu inataka maji, hewa na joto basi, chakula imekuja nacho yenyewe, ni kama mwanafunzi wa bweni aliyefungashiwa tranka lake na nyumbani hakuna atakayemtumia kingine.

Loweka punje ya mahindi usiku kucha, asubuhi ipasue kwa urefu na wembe. Upande wa ncha, pale ilipokuwa imeshika gunzi, utaona kitu laini cha rangi ya maziwa, hicho ndo kiini, yaani mmea wenyewe ukiwa mdogo. Kina mafuta mengi, ndo maana panya akiingia stoo anaanza kutafuna hapo. Kilichobaki karibu chote, zaidi ya 80% ya uzito mkavu wa punje, ni ghala la wanga.

Sasa wanga ulivyo kiini hakiwezi kuula, hauyeyuki wala haupenyi kwenye seli. Punje inabidi kwanza inywe maji, mahindi ni kama theluthi moja ya uzito wake, halafu kiini kikiamka kinatuma homoni inaitwa jiberelini kwenda kwenye utando mwembamba unaozunguka ghala chini ya ganda, na utando huo ndo unatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari na protini kuwa vipande vidogo vinavyosafirishika. Katikati ya kiini na ghala kuna kipande kama ngao, chenyewe kazi yake ni kufyonza sukari na kuipeleka kwenye mzizi na chipukizi. Mwaka 1960 watafiti wawili, Yomo wa Japani na Paleg wa Australia, kila mtu kivyake, walionyesha jambo hili kwa shayiri: toa kiini, nusu iliyobaki inakaa tu na wanga wake, itie jiberelini na wanga unaanza kuvunjika hata kiini hakipo!

Mama anayepika komoni hahitaji kuambiwa hayo. Analoweka ulezi, anauacha uchipue, anauanika na kuusaga, hicho kimea akikitia kwenye uji mzito wa mahindi uliopoa kiasi, uji unalegea wenyewe na unakuwa mtamu bila sukari ya dukani. Ni vimeng'enya vya ulezi hivyo, vinakata wanga wa mahindi kama ambavyo vingekata wanga wa ulezi wenyewe. Na hauachi ulezi uendelee kuota siku nyingi kwa sababu mzizi ukirefuka unakula ile sukari.

Maharage ni habari nyingine, ukimenya harage lililolowekwa linagawanyika vipande viwili vinene, hivyo ndo ghala, na vinapanda juu na mche. Ukiona vimesinyaa na kudondoka usishtuke, vimeshamaliza kazi. Ila vikiliwa na wadudu mapema mche unadhoofika, sina haja ya kueleza kwa nini. Alizeti yenyewe imeweka akiba kwa mafuta zaidi, nayo lazima iyageuze kuwa sukari kwanza.

Hapa ndo ninapogombana na watu. Mtu anafukia mahindi shimo refu la jembe, yakishindwa kutoka anasema mbegu feki. Feki zipo, sikatai, lakini akiba ni ileile, ukifukia sentimita 5 inatosha na chenji inabaki, ukizidisha sana mche unamaliza chakula kabla haujaona jua. Ulezi ambao punje yake ni ndogo mno ndo kabisa, unafunikwa na udongo kidogo tu. Baridi nayo inaleta shida yake, udongo ukishuka chini ya kama nyuzi 10 mahindi yanakwama, kwa hiyo ya Makete kwenye baridi yanakaa ardhini muda mrefu kuliko ya Mbarali kwenye joto na fangasi nao wanakula kwenye sahani hiyohiyo. Halafu mbegu hata ikiwa imelala inapumua, ukiiweka stoo yenye joto na unyevu inatumia akiba na kuchakaa polepole, unakuja kupanda kitu kilichochoka.

Mtauliza DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ya nini basi. Ni ya baadaye. Mahindi yakifika majani kama matatu ghala linakuwa karibu tupu, mche unaishi kwa jua na kwa mizizi yake, na mizizi bado mifupi haiwezi kuifuata fosforasi mbali, kwa hiyo iwe karibu ila isigusane na mbegu, tenganisha kwa udongo, maana ikigusa inaunguza mzizi ule wa kwanza.