Misuli hupimwaje baada ya uti wa mgongo kuumia?

Jeraha liko mgongoni. Mbona daktari anashughulika na mikono na miguu?

Kwa sababu siku za mwanzo misuli yenyewe mara nyingi ni mizima. Iliyoharibika ni njia ya kupitishia amri kutoka kwenye ubongo. Neva hutoka kwenye uti wa mgongo ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina misuli inayoitegemea. Ukiambiwa ukunje kiwiko, inayoulizwa hasa ni ngazi ya tano ya shingo. Ukiambiwa ukinyooshe, mpimaji ameshashuka hadi ya saba.

Misuli yote hupimwa?

La. Katika kipimo kinachotumika kimataifa hupimwa makundi kumi kila upande, matano ya mkono na matano ya mguu, mgonjwa akiwa amelala chali. Kifua na tumbo havimo. Huko mpimaji hutegemea zaidi hisia za ngozi, anazozipima kwa pamba na pini.

Alama za 0 hadi 5 zina maana gani?

0 ni kimya kabisa. 1, msuli unasisimka chini ya kidole cha mpimaji lakini kiungo hakisogei. 2, kiungo kinamaliza mwendo wake wote ikiwa hakibebi uzito wake, kwa mfano mguu unaoteleza juu ya shuka. 3, kinainuka dhidi ya uzito wake chenyewe. 4, kinainuka na kustahimili kiasi mkono wa mpimaji unaokizuia. 5 ni nguvu ya kawaida.

Ukijumlisha pande zote mbili, alama za juu kabisa ni 100, yaani 50 za mikono na 50 za miguu. Mimi siupendi sana mjumlisho huo ukitajwa peke yake, maana watu wawili wanaweza kuwa na jumla moja na maisha tofauti kabisa. Pengo la kutazama ni lile kati ya 2 na 3. Mkono wenye 2 kwenye kiwiko unasogea kitandani lakini haufiki mdomoni. Wenye 3 unafika, japo bila kubeba kitu.

Kwa nini ananishika bega wakati anapima kiwiko?

Kuziba mianya. Mwili una hila nyingi, na mgonjwa hana habari kwamba anazitumia. Asiye na nguvu ya kunyoosha kiwiko huzungusha bega, mkono ukaanguka na kunyooka kwa uzito wake. Vivyo hivyo kiganja kikiinuliwa kwa nyuma, vidole hujikunja vyenyewe kwa kuwa kano zake zimevutwa, na mtu huapa kwamba amevikunja. Hila hiyo ya pili ni ya thamani kubwa baadaye, katika kujifunza kushika vitu. Lakini kwenye karatasi ya vipimo ni uongo.

Mguu wa ndugu yetu umeruka usiku. Je, nguvu zinarudi?

Huenda ni mkazo tu. Chini ya jeraha uti wa mgongo unaweza kujiendesha bila ubongo, mguu ukaruka kwa kuguswa au kwa kuvutwa shuka. Mwombeni akunje, aache, akunje tena kwa kuambiwa. Akiweza kurudia kwa hiari, mwambieni mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuna ulazima gani wa kupima njia ya haja kubwa?

Ni sehemu inayoonewa haya, lakini ndiyo yenye uamuzi. Neva za mwisho kabisa za uti wa mgongo huishia hapo. Kukiwa na hisia hapo, au mgonjwa akiweza kubana kwa hiari, jeraha halihesabiwi kuwa kamili hata kama miguu yote ni 0. Ndiyo tofauti kati ya daraja A, yaani jeraha kamili, na madaraja yanayofuata, hadi E, yaani hali ya kawaida.

Jibu la siku ya kwanza ni la mwisho?

Hapana. Mara baada ya ajali uti wa mgongo unaweza kuingia katika mshtuko, misuli ikalegea na vitendo visivyo vya hiari vikapotea kwa muda. Kwa hiyo kipimo hurudiwa, mara nyingi karibu na saa ya 72, kisha tena katika wiki na miezi inayofuata. Alama zikianza kushuka badala ya kupanda, au ganzi ikipanda juu zaidi, hilo halisubiri tarehe ya kliniki: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.