Bingwa wa ligi yupo, sasa Lake Placid wanakwenda kutafuta nini?

Mjomba wangu wa Tanga ni Coastal Union damu damu, na mpira anaujua. Ila kila ikifika Machi, nikimtumia picha kutoka uwanja wa hoki ya barafuni, swali lake ni lilelile: "Mpwa wangu, hebu nieleweshe. Juzi uliniambia hao wa chuo cha Quinnipiac wamechukua ubingwa. Leo unasema wanacheza nusu fainali. Bingwa anacheza nusu fainali ya nini tena?"

Nimemjibu kwa simu mara nyingi, na kila mara mtandao hukatika kabla hatujafika kwenye hesabu, ambako ndiko kwenye utamu. Safari hii naandika, na wengine mlioniuliza mtajisomea humu.

Kazi yangu ni takwimu za hoki ya barafuni. Nakaa kaskazini ya jimbo la New York, na usiku wa mechi huwa nahesabu mashuti, nani kampasia nani, nani katolewa nje dakika mbili kwa rafu. Msimu wangu wa kwanza niliwahi kumwandikia goli mchezaji aliyekuwa amekaa benchi, nambari 17 nikaisoma 11. Mama yake akanijia kunishukuru. Mama wa mfungaji mwenyewe naye akanijia, ila si kwa shukrani.

Tuanze na konferensi. Vyuo vya Marekani havichezi ligi moja ya taifa. Vimejigawa katika miungano, ndiyo hizo konferensi, na kila muungano una ligi yake. Kwenye hoki ya wanaume ya daraja la juu iko sita, na ninaoujua kwa karibu ni ECAC Hockey, wenye vyuo 12. Sita ni vile vya Ivy, kundi la vyuo vikongwe ambavyo majina yake hata Tanga yanajulikana: Harvard, Yale, Princeton, Brown, Cornell na Dartmouth. Sita wengine ni Clarkson, St. Lawrence, Colgate, Union, RPI na Quinnipiac. Clarkson na St. Lawrence ni majirani huko juu kabisa, karibu na mpaka wa Kanada, na mechi yao si ya kwenda na mtoto mdogo. Nayo Harvard ikienda Cornell, mashabiki wa wenyeji huingia na samaki waliofichwa ndani ya makoti, wakawarusha barafuni wageni wanapotoka vyumbani. Samaki wa kweli, wenye magamba.

Kila timu hucheza mechi 22 za konferensi: wapinzani 11, nyumbani na ugenini. Anayemaliza juu ya msimamo anachukua Kombe la Cleary, lililopewa jina la Bill Cleary, mchezaji na kocha wa zamani wa Harvard. Hapa ndipo mjomba huwa anasimama. Kwake ligi imekwisha, bingwa kapatikana, watu wakapumzike.

Kumbe ndiyo kwanza shughuli inaanza. Timu zote 12, hata iliyoburuta mkia, huingia kwenye mashindano mengine ya mtoano. Nne za juu hupumzika raundi ya kwanza. Robo fainali huchezwa kwa anayeshinda mechi mbili kati ya tatu, wikiendi moja, nyumbani kwa aliyemaliza juu zaidi. Wanne waliobaki hupanda milima ya Adirondack hadi Lake Placid, kijiji cha watu elfu mbili na kitu kilichowahi kuandaa Olimpiki mbili za majira ya baridi, 1932 na 1980. Uwanja ni uleule ambamo Februari 1980 vijana wa vyuo wa Marekani waliwafunga Wasovieti 4-3, na leo una jina la kocha wao, Herb Brooks. Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali, na mshindi anabeba Kombe la Whitelaw.

Kwa hiyo kuna makombe mawili, Mjomba, na la pili ndilo lenye mlango nyuma yake.

Mlango wenyewe ni wa mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yanayochukua timu 16. Bingwa wa mtoano wa kila konferensi anaingia moja kwa moja, hata kama msimu mzima alikuwa anapigwa. Bingwa wa msimamo, yule wa Kombe la Cleary, hana ahadi hiyo. Yeye na wengine wote wanaingia kwa hesabu. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024-25, hesabu hiyo ilijulikana kwa jina la PairWise: kila timu ilipambanishwa na kila timu nyingine kwenye karatasi, moja kwa moja, kwa kuangalia ubora wa matokeo yao na ugumu wa waliocheza nao, walivyofanya mbele ya wapinzani ambao wote wawili walikutana nao, na wao kwa wao walifanyaje. Nani alishinda mapambano mangapi ya karatasi, basi ndiyo ilikuwa nafasi yake kwenye orodha. Hakuna kamati inayokaa kubishana nani ana jina kubwa.

Sasa tazama inavyokuwa Lake Placid. Kati ya timu nne, mbili zinaweza kuwa tayari zina uhakika wa taifa kwa hesabu. Wakifungwa wanarudi nyumbani, wanapumzika wiki, safari inaendelea. Mbili nyingine hazina kitu. Wakifungwa, wachezaji wa mwaka wa nne wamevua viatu vya barafu kwa mara ya mwisho. Ukiwa kando ya barafu unaiona tofauti hiyo. Mwenye njaa anajilaza mbele ya shuti kwa mbavu zake, na aliyeshiba anajilaza pia, lakini nusu sekunde baadaye.

Mwenye njaa akishinda, kuna mtu mahali pengine analia, pengine mtu ambaye wala hakucheza siku hiyo. Nafasi ni 16. Timu isiyotarajiwa ikiingia kwa mlango wa kombe, aliye wa mwisho kwenye orodha ya hesabu anasukumwa nje. Ndiyo maana Jumamosi ile simu yangu huwa imefunguliwa kurasa tano za konferensi nyingine.

Hakuna mwaka ulioonyesha haya vizuri kama 2013. Fainali zilikuwa zimepelekwa Atlantic City, kando ya bahari, jambo ambalo sisi wa milimani hatujalisamehe hadi leo. Ijumaa, Yale walipigwa na Union tano bila. Jumamosi wakacheza mechi ya mshindi wa tatu, iliyokuwa bado ipo wakati ule, wakapigwa na Quinnipiac tatu bila. Mechi mbili, magoli manane ya kufungwa, la kufunga hata moja hakuna. Wa nne kati ya wanne.

Wakakaa kusubiri matokeo ya watu wengine. Michigan ilikuwa fainali ya konferensi yake, na kama ingeshinda, Yale ilikuwa imekwisha. Michigan ikafungwa na Notre Dame. Brown nao walikuwa fainali ya ECAC na hesabu haikuwabeba, kwa hiyo ushindi wao ungekula nafasi nyingine. Wakafungwa na Union 3-1. Yale wakapenya wa mwisho kabisa kwa njia ya hesabu.

Halafu wakawatoa Minnesota kwa goli lililopatikana sekunde ya tisa ya muda wa nyongeza. Wakawatoa North Dakota. Wakawatoa UMass Lowell. Fainali ya taifa kule Pittsburgh wakakutana na nani? Quinnipiac walewale, waliokuwa wamewafunga mara tatu msimu huo. Nne bila, Yale bingwa wa Marekani. Timu ambayo wiki tatu nyuma ilishindwa kufunga goli moja mbele ya majirani zake.

Mjomba alipoisikia hii alinyamaza kidogo, kisha akasema huo si mpira, ni bahati nasibu. Nilimwambia bahati nasibu haina kipa. Ila nakiri, nusu ya hoja yake naikubali.

Quinnipiac walikuja kulipwa miaka kumi baadaye. Mwaka 2023 walichukua Kombe la Cleary, wakaenda Lake Placid, wakatolewa na Colgate nusu fainali baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Colgate wakawafunga Harvard 3-2 na kubeba Whitelaw kwa mara ya kwanza tangu 1990. Wenye kombe wakaingia taifa wakakutana na Michigan, wakala 11-1. Quinnipiac, walioondoka Lake Placid mikono mitupu, wakawa mabingwa wa Marekani: waliwafunga Minnesota 3-2 kule Tampa, sekunde kumi tu baada ya muda wa nyongeza kuanza.

Huo muda wa nyongeza una mambo yake. Msimu wa kawaida, sare inamalizwa kwa dakika tano za watu watatu kwa watatu, na ikishindikana ni penalti. Kwenye mtoano hakuna penalti. Ni goli la dhahabu, kama lile tulilolijua zamani kwenye soka, watu watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka mtu afunge. Hata kukikucha.

Na kumewahi kukaribia kukucha. Machi 2010, robo fainali, Union walikuwa nyumbani Schenectady dhidi ya Quinnipiac. Dakika 60 ziliisha 2-2. Kikaja kipindi cha kwanza cha nyongeza, cha pili, cha tatu, cha nne. Ikaingia ya tano, na goli likapatikana dakika ya 150 na sekunde 22: Quinnipiac 3-2. Hizo ni mechi mbili na nusu mfululizo. Union hao hao, miaka minne kabla, walikuwa wamefungwa nyumbani na Yale kwa 3-2 ileile, katika kipindi cha tano kilekile cha nyongeza. Kuna viwanja vina mkosi, sijui niseme nini.

Ukiwa mbali unadhani katika saa kama hizo mwenye mapafu ndiye anayeshinda. Si hivyo. Barafu yenyewe inabadilika. Kila kipindi gari la kulainisha barafu linapita na kumwaga maji ya moto yaliyochujwa, yanayojaza mikwaruzo na kuganda upya. Lakini watu wanapumua, taa zinawaka, joto linapanda, na kile kisahani cha raba kinachopigwa, ambacho hugandishwa kwanza ili kisidundedunde, kinaanza kurukaruka kama kitenesi. Pasi ndefu haziaminiki tena. Makocha wanapunguza mbwembwe: sukuma mbele, piga langoni, ombea kisahani kigonge mguu wa mtu. Vyumbani watu wanakula machungwa na ndizi, wanabadilisha soksi zilizolowa jasho. Magoli mengi ya usiku wa manane ni mabaya, na aliyefunga huwa hajui kafungaje.

Tena kuna kitu ambacho takwimu zangu zinakipenda. Kumbuka ilikuwa robo fainali ya kushinda mbili kati ya tatu. Union, waliolala na maumivu yale, waliamka wakashinda mechi mbili zilizofuata na kuingia nusu fainali, hadi fainali. Mwaka 2015, kwenye konferensi ya Hockey East iliyojitenga na ECAC mwaka 1984, UMass waliwafunga Notre Dame 4-3 katika dakika ya 151 na sekunde 42, mechi ndefu kuliko zote za daraja hili. Nani alisonga mbele? Notre Dame. Mechi mbili si ushahidi wa kisayansi, na mwanafunzi akiniletea hitimisho hapo nitamrudishia karatasi. Lakini nimewahi kuona timu iliyoshinda usiku wa manane ikiingia uwanjani kesho yake jioni: miguu ni ya watu waliokwisha kusherehekea.

Machi 2025 Cornell walimaliza msimamo wakiwa wa sita, wa taifa kwa hesabu hawakuwa, na kocha wao Mike Schafer alikuwa ametangaza kustaafu baada ya misimu 30. Kila mechi ingeweza kuwa ya mwisho kwake. Wakawatoa Quinnipiac kwa goli la dhahabu nusu fainali, wakawafunga Clarkson 3-1, kombe la 14, idadi ambayo hakuna mwingine katika konferensi anayo. Lile ndilo kombe nililolishuhudia likitafutwa na watu wenye njaa ya kweli.

Halafu kuna 2021, mwaka wa korona, ambao mjomba ananitaka niurudie kila nikimpigia. Vyuo vya Ivy havikucheza kabisa, Union na RPI hawakucheza, konferensi ikabaki na timu nne. Fainali ilichezwa uwanjani kwa Quinnipiac huko Connecticut, na St. Lawrence wakawashinda wenyeji 3-2 katika muda wa nyongeza. Vijana wa kijiji cha Canton, kaskazini kule kwenye theluji, walikuwa wamepata kombe na mlango kwa pamoja.

Muda mfupi baadaye majibu ya vipimo yakatoka: kocha wao ana korona. Timu ikalazimika kujitoa mashindano ya taifa, na nafasi ikaenda kwa Quinnipiac, waliokuwa wamefungwa.

"Na kombe?" mjomba aliniuliza mara ya kwanza. "Kombe nalo wakanyang'anywa?"

Hapana, Mjomba. Mpaka leo kwenye orodha ya mabingwa, 2021 imeandikwa St. Lawrence.