Samoa: piga hodi kabla ya kuingia baharini

Wateja wangu wanaotaka kwenda Pasifiki huanza na swali la hoteli. Mimi huwarudisha kwenye swali jingine: ufukwe utakaoogelea ni wa nani? Samoa, nchi ya visiwa huko Pasifiki, takriban asilimia 80 ya ardhi ni ya kimila, iko mikononi mwa koo zinazoongozwa na wakuu waitwao matai. Ufukwe wa kijiji ni ua wa nyumba ya watu.

Kwa hiyo utakapofika Lalomanu au kwenye shimo la maji la To Sua, kusini mwa kisiwa cha Upolu, utatozwa ada. Ni tala chache tu, yaani fedha ya huko, na mara nyingi anayeipokea ni mtu wa familia yenye eneo hilo. Nimeona wageni wakibishana, wakidhani wanaibiwa. Lipa kwa moyo mweupe, na usiondoke mjini Apia bila noti ndogondogo, maana kijijini mashine za kutolea pesa ni adimu na chenji ni shida. Pasipokuwa na mtu wa kupokea ada, tafuta nyumba iliyo karibu, piga hodi, omba ruhusa.

Lakini kabla ya ufukwe kuna karatasi, na hapa ndipo safari nyingi za watu wetu hukwama. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Kwa kawaida utapitia Australia, New Zealand au Fiji. Samoa yenyewe humpa mgeni kibali anapofika, ilimradi ana tiketi ya kurudi na pasipoti yenye muda wa kutosha. Kikwazo ni njiani. Niliwahi kuwa na mteja aliyezuiwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mizigo imeshapimwa, kwa kukosa viza ya kupitia tu. Lilikuwa kosa langu, nami niliumia sana. Tangu siku hiyo sikati tiketi ya Apia kabla sijaishika viza ya kila nchi ya njiani. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa tunatoka ukanda wenye ugonjwa huo, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Malaria hakuna, ila dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Hakikisha na chanjo ya surua, hasa kwa watoto. Mlipuko ulioanza mwaka 2019 uliua watu 83 huko, wengi wao wadogo.

Malazi ninayoyapenda kuliko yote ni fale za ufukweni: kibanda cha nguzo kisicho na kuta, godoro chini, chandarua, na mikeka ya kusukwa unayoishusha mvua ikija. Bei mara nyingi hujumuisha chakula cha asubuhi na cha jioni. Mtu wa Unguja atajisikia nyumbani mezani: shelisheli, majimbi, samaki, na tui katika karibu kila sahani. Palusami ni majani machanga ya majimbi yaliyofungwa pamoja na tui zito, yakaokwa juu ya mawe ya moto. Oka ni samaki mbichi aliyekolezwa ndimu na tui. Kula vyote viwili.

Jioni, jua likikaribia kuzama, vijiji vingi huwa na sa, muda wa sala ya familia. Hulia kengele, au kombe la baharini likapulizwa, na pengine vijana husimama barabarani kulinda utulivu. Ukilikuta hilo, usikatize kijiji. Kaa chini usubiri, ni dakika 10 hadi 20 hivi. Jumapili ni ya kanisa na mlo mkubwa wa familia. Maduka mengi hufungwa, mabasi karibu hayapo, na baadhi ya vijiji havitaki watu waogelee. Panga siku hiyo iwe ya kupumzika, na ukialikwa kanisani au mezani, nenda. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Msuli au kanga yako ya nyumbani inafaa kabisa, kwani wao nao, wanaume kwa wanawake, hufunga lavalava kiunoni.

Gari la kukodi huendeshwa kushoto kama kwetu. Zamani lilikuwa kulia. Nchi nzima ilibadili upande tarehe 7 Septemba 2009, ili watu waweze kuagiza magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Utahitaji kibali cha muda cha kuendesha, na uchunge mbwa na watoto barabarani. Ukivuka na gari kwa feri kutoka bandari ya Mulifanua, Upolu, kwenda kisiwa cha Savai'i, safari ya saa moja na ushei, weka nafasi mapema. Kabla ya kupanda, gari huoshwa chini kuzuia konokono mkubwa asienezwe. Konokono huyo asili yake ni pwani yetu ya Afrika Mashariki, na huko amekuwa adui wa mashamba, basi kubali kuoshewa gari bila kunung'unika.

Miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo mikavu. Novemba hadi Aprili ni mvua na vimbunga. Na ukiwa pwani ardhi ikitikisika kwa nguvu, kimbilia mlimani papo hapo, usingoje king'ora. Tsunami ya 29 Septemba 2009 ilifika pwani ya kusini dakika chache tu baada ya tetemeko.

La mwisho ni tarehe. Mwishoni mwa 2011 Samoa ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule ambao ukiuvuka siku hubadilika, ikairuka kabisa siku ya 30 Desemba. Samoa ya Marekani, mwendo wa kama nusu saa kwa ndege, ilibaki. Ukiruka kutoka Apia Jumanne asubuhi, Pago Pago, mji mkuu wa Samoa hiyo ya Marekani, utafika Jumatatu asubuhi. Hoteli ya huko iwekwe kwa Jumatatu.