Sweta haitoi joto

Kwa miaka mingi somo la nchi za joto na nchi za baridi nililifundisha kwa picha: ngamia upande huu, pengwini upande ule. Watoto wangu wa miaka mitano walikariri vizuri. Lakini nikiuliza ngamia anawezaje kuishi jangwani, jibu lilikuwa moja: "Kwa sababu ndiko kwao."

Siku hizi naanza na sweta. Nachukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki. Kimoja nakiacha mezani, kingine nakifungia ndani ya sweta nzito. Kipi kitayeyuka kwanza? Karibu wote husonta sweta, maana sweta "ina joto". Tunaimba, tunachora, halafu tunafungua. Cha mezani kimekuwa maji. Cha kwenye sweta bado kigumu. Kuna mtoto aliingiza mkono kwenye ile sweta, akautoa, akauingiza tena, akitafuta moto ulikojificha.

Hapo ndipo pa kumwambia: moto uko mwilini mwako. Sweta inazuia joto kupita tu. La ndani halitoki upesi, la nje haliingii upesi.

Akilishika hilo, wanyama wanaeleweka wenyewe. Dubu wa barafu ana mafuta chini ya ngozi yanayoweza kufika unene wa sentimita 10. Hiyo ni sweta yake ya ndani. Wape nafasi ya kuihisi: paka mafuta ya kupikia yaliyoganda katikati ya mifuko miwili, mtoto avae kama glavu, kisha atumbukize mikono yote miwili kwenye maji ya barafu kwa sekunde chache. Mkono mtupu utatoka mbio.

Ngamia naye ana mafuta, wala si maji, kwenye nundu. Ila yake yamerundikwa mgongoni badala ya kuzunguka mwili mzima, hivyo joto linapata pa kutokea. Na fenneki, mbweha mdogo wa Sahara, ana masikio makubwa ajabu ambamo damu hupita karibu na ngozi na kupoa. Mbweha wa Aktiki, eneo la baridi kali kaskazini kabisa mwa dunia, ana masikio mafupi ya duara. Wachore wote wawili kwenye karatasi moja, kisha nyamaza, watoto waseme.

Kwa watu nakuwa mwangalifu zaidi. Watoto hudhani jangwani watu hutembea nusu uchi, kumbe Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, hujifunika kuanzia kichwani kwa nguo pana, jua lisifike kwenye ngozi na hewa ipite ndani. Na tafadhali, usiwafundishe kwamba Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wote wanaishi kwenye nyumba za theluji. Wengi wao leo wana nyumba za kawaida zenye umeme. Nyumba ya theluji ilijengwa hasa safarini na kwenye mawindo, na siri yake ni hewa iliyonaswa ndani ya theluji, kama ile iliyonaswa kwenye nyuzi za sweta.