Teknolojia ya uhandisi wa kompyuta si kimbilio la walioshindwa

Hapa Lubumbashi, mtoto akishapata diploma ya serikali, wazazi wengi huamini kwamba teknolojia ya uhandisi wa kompyuta ni kimbilio la walioshindwa hesabu. Sivyo. Mhandisi huzama katika kalkulasi na nadharia ya saketi ili abuni kifaa ambacho bado hakipo, ilhali mwenzake wa teknolojia, ambaye naye hakwepi hesabu, hukaa zaidi maabara, multimita (kipima umeme) mkononi, akitafuta kwa nini bodi iliyokwisha kubuniwa imekataa kuwaka. Tofauti ya kweli iko kwingine: Marekani, kwa mfano, ABET, shirika linalokagua ubora wa masomo ya vyuo, huzipa ithibati programu za masomo za fani hizi mbili kupitia tume mbili tofauti, na baadhi ya majimbo huwawekea wenye shahada ya teknolojia masharti mazito zaidi ya leseni ya uhandisi.