Mwenye nyumba akikwambia utoke: notisi halali ni ipi?

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa, wapangaji hutuuliza: "Nimeambiwa nitoke mwisho wa mwezi. Si kuna sheria mpya inayonilinda?" Hakuna. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021, uliokusudia kuziunganisha sheria tatu za upangaji, haukufika kuwa sheria.

Zinazotumika ni zile za zamani. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ina baraza lake la kusikiliza mashauri, lakini inahusu nyumba za makazi zenye kodi ya msingi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tudor au Bamburi utakipata wapi chumba cha bei hiyo? Kwa maoni yangu, kiwango hicho kilistahili kupandishwa zamani.

Waliobaki, hata wasio na mkataba wa maandishi, wategemee kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Anayelipa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, tena iishe siku ya kulipa kodi. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Tuseme mpangaji wa Kisauni hulipa kila tarehe 5, akapewa notisi tarehe 20 Machi. Notisi hiyo haiishi mwisho wa Machi wala tarehe 20 Aprili. Inaisha tarehe 5 Mei. Mpangaji naye anabanwa vivyo hivyo: akipakia vyombo kwenye mkokoteni usiku bila notisi, anadaiwa. (Waliojenga nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, nao ni wengi hapa kwetu, wana mambo yao mbali.)

Deni la kodi halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuezua mabati. Mali ikikamatwa, iwe kwa mkono wa dalali mwenye leseni, si vijana wa mtaani. Hata dalali hagusi vitanda na matandiko, nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia wala zana za kazi. Cherehani ya fundi anayejipatia riziki kwa kushona kanzu barazani ibaki pale pale.

Dipoziti ikizuiwa bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nenda na risiti, ujumbe wa M-Pesa, na picha za nyumba ulivyoiacha.